Linux ya Kiswahili kwa kompyuta ya nyumbani: namna ya kuichagua na kuiweka sawa, Unguja na Pemba

Swali hili hunijia kila wiki, hapa Chake Chake na kwa simu kutoka Unguja: "Ipo Linux ya Kiswahili? Nishushe ipi?" Anayeuliza aghalabu ana kompyuta ya mtumba yenye Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuitunza tarehe 14 Oktoba 2025, na hana pesa za kununua mashine nyingine. Wa pili ni maalim wa chuo cha Kurani anayetaka kuandika Kiswahili na Kiarabu katika karatasi moja. Wa tatu ni mwanafunzi ambaye skuli wamemwambia aje na kazi iliyochapwa.

Wote nawajibu namna moja. Usitafute distro yenye Kiswahili katika jina lake. Tafuta itakayokuwa bado inatunzwa miaka minne au mitano ijayo, kisha uitie Kiswahili mwenyewe. Kazi hiyo ni ya nusu siku, na mtu asiyewahi kugusa Linux anaiweza akifuata hatua hizi kwa mpangilio wake.

Kwa asiyejua neno lenyewe: Linux ni kiini cha mfumo, na distro ni kiini hicho kilichokwisha kufungashwa pamoja na menyu, programu na njia ya kupata masasisho. Ndiyo maana zipo nyingi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kompyuta, na ujue ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) kiasi gani na kama ni ya biti 64. Kwenye Windows fungua "Settings", kisha "System", kisha "About".
- Flashi ya GB 8 au zaidi, isiyo na kitu unachokihitaji. Itafutwa yote.
- Diski ya nje au flashi nyingine ya kuhifadhia picha na nyaraka zako.
- Bando la kutosha. Faili la Linux Mint ni karibu GB 3, la Ubuntu ni karibu GB 6. Akiwepo mtu mtaani aliyekwisha kulishusha, nenda kwake na flashi.
- Simu na waya wake wa USB, kwa ajili ya intaneti iwapo Wi-Fi haitashika.
- Umeme. Laptopu iwe imejaa chaji na betri yake iwe inakaa walau saa moja. Kompyuta ya mezani iwe na UPS. Angalia na yuniti za Tukuza kabla hujaanza, kwani umeme ukikatika katikati ya kugawa diski utarudi mwanzo, na huenda na mafaili ya zamani yameshakwenda.

Hatua

1. Jiulize unataka nini unaposema "ya Kiswahili".

Watu husema neno hilo wakiwa na maana nne tofauti, na kila moja ina dawa yake. Kuna menyu na vitufe vya Kiswahili. Kuna kibodi inayoandika Kiswahili bila tabu. Kuna kukaguliwa tahajia. Na kuna tarehe, sarafu na karatasi kwenda kama zinavyokwenda kwetu. Andika kwenye karatasi zipi unazihitaji. Wengi wanaonijia wakidai menyu za Kiswahili, nikikaa nao nagundua shida yao hasa ni tahajia na tarehe, na hivyo viwili vinapatikana karibu kila distro.

2. Pima distro za kimaeneo kwa maswali matatu.

Zipo nchi zilizotengeneza distro zao. Uturuki wana Pardus, India wana BOSS, China wana Ubuntu Kylin, Venezuela wana Canaima, na jimbo la Valencia kule Hispania wana LliureX kwa ajili ya skuli zao. Ni kazi nzuri, na nyuma ya kila moja pana serikali au taasisi inayolipa watu. Lakini Pardus imepikwa kwa Mturuki. Ukiiweka wewe, utaanza kwa kuondoa Kituruki kabla hujaweka Kiswahili.

Kwa hiyo kila ukisikia jina jipya, uliza: toleo la mwisho lilitoka lini? Nani anatoa masasisho ya usalama, na ameahidi mpaka mwaka gani? Nikikwama saa tano za usiku, nitapata jawabu kwa lugha ninayoielewa? Swali moja likikosa jibu, achana nayo.

Naulizwa sana kuhusu Linux ya Kiislamu. Ilikuwepo, ikiitwa Sabily, iliyojengwa juu ya Ubuntu, ikija na programu ya kusoma Kurani na ya nyakati za sala. Imesimama zaidi ya miaka kumi. Faili lake bado linaonekana huku na kule mtandaoni, na kuna wanaolishusha kwa mapenzi ya dini. Usiliweke. Mfumo usiopata masasisho kwa miaka hiyo yote haufai kuingilia benki wala barua pepe. Unachokihitaji ni fonti nzuri ya Kiarabu na programu moja au mbili, na hivyo utaviweka juu ya distro yoyote iliyo hai.

Na sisi hatukukaa mikono mitupu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mradi wa Kilinux, na mwaka 2004 ukatoka Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kizazi cha programu hiyo leo ni LibreOffice, na Kiswahili cha Tanzania kimo katika orodha ya lugha zake. Tutaifikia katika hatua ya 7.

Neno moja kuhusu jina "Ubuntu". Ni neno la kusini mwa Afrika lenye maana ya utu, na mwanzilishi wake, Mark Shuttleworth, ni mzaliwa wa Afrika Kusini. Jina hilo huwafanya wengi wadhani menyu zake ni za Kiswahili. Sivyo. Menyu zake ni za Kiingereza mpaka uzibadilishe, na hata ukizibadilisha Kiswahili kitatokea vipande vipande.

3. Chagua kwa kuitazama mashine uliyonayo.

Mint hutoka kwa sura tofauti za menyu na madirisha. RAM ya GB 8 na zaidi: Linux Mint ya Cinnamon. RAM ya GB 4: Linux Mint ya Xfce, ambayo sura yake ni nyepesi na mtu aliyezoea Windows haimpotezi. Mint 22 imeahidiwa masasisho mpaka 2029.

RAM ya GB 2: jaribu antiX, au Debian yenye LXQt, sura nyingine nyepesi, na usitarajie kufungua vichupo vingi vya intaneti kwa pamoja. Kama mashine ni ya biti 32, elewa kwamba Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha mashine hizo. Pesa ya bando itakusaidia zaidi ukiiweka akiba ya kompyuta nyingine.

Ubuntu yenyewe ni nzuri kwa mashine mpya. Kwa mitumba inayoshuka bandarini kwetu, mimi naweka Mint, na sababu kubwa ni kwamba mtu anaizoea kwa siku moja. Maelezo yanayofuata ni ya Mint.

4. Shusha faili, kisha lihakiki.

Lichukue kwenye tovuti ya Linux Mint yenyewe. Kama mtandao wenu unakatika, tumia torenti (njia ya kushusha faili vipande vipande), kwani inaendelea pale ilipokatikia badala ya kuanza upya.

Usiruke kuhakiki. Kwenye Windows fungua "Command Prompt" katika folda yenye faili, andika hivi, na uweke jina la faili lako:

certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256

Itatoka mistari ya herufi na tarakimu. Ilingane na ile iliyoandikwa kwenye tovuti, herufi kwa herufi. Ikitofautiana, faili limeharibika njiani. Nusu ya malalamiko ya "imeganda katikati ya kuweka" ninayoyapata yanaishia hapa.

5. Andika flashi, washa, ujaribu kabla ya kuweka.

Tumia programu ya Rufus au balenaEtcher. Kosa la kila siku ni kunakili faili la ISO, yaani lile ulilolishusha, kwenye flashi kama unavyonakili nyimbo. Haitawaka. Lazima liandikwe kwa programu hizo.

Zima kompyuta, chomeka flashi, washa huku ukibonyeza kitufe cha kuchagua pa kuanzia. Kwenye Dell na Lenovo nyingi ni F12, kwenye HP ni Esc au F9. Chagua flashi. Mint itafunguka bila kugusa diski yako, na hapa ndipo pa kutulia. Jaribu yafuatayo, usiwe na haraka:

Fungua kihariri cha maandishi uandike: *Ng'ambo kuna ng'ombe wanaong'ang'ania ng'amba.* Kila ng' ikitoka sawa, kibodi imekubali. Ikitoka "ngómbe", soma sehemu ya matatizo huko chini.

Unganisha Wi-Fi. Cheza sauti. Fungua kamera. Kama una printa, ichomeke uone kama inatambuliwa. Funga kifuniko cha laptopu ukifungue tena. Kitu kisichofanya kazi hapa, na hata baada ya kuweka kitasumbua, basi ni bora ukijue sasa.

6. Iweke.

Hamisha kwanza picha na nyaraka zako zote kwenye diski ya nje, kisha zifungue mbili tatu kuhakikisha zimefika nzima. Nimemwona mtu akipoteza picha za harusi ya dada yake kwa kubonyeza "Erase disk" akidhani inafuta Windows peke yake. Inafuta kila kitu. Ukitaka kubaki na Windows, chagua "Install alongside".

Bofya "Install Linux Mint". Lugha chagua unayoisoma vizuri. Mimi humwambia anayeanza aweke kwa Kiingereza, Kiswahili kitakuja hatua inayofuata. Kibodi chagua "English (US)" ya kawaida, isiyo na maneno "dead keys". Kwenye ramani ya saa bonyeza Tanzania, itatokea "Dar es Salaam". Usihangaike kutafuta Zanzibar, saa yetu na yao ni moja. Utakapoulizwa kuhusu kodeki za media (za kuchezea nyimbo na video), weka alama kama una intaneti. Nenosiri liandike pembeni.

Ikimaliza, zima, chomoa flashi, washa.

7. Ifanye ya kwetu.

Hii ndiyo hatua watu huiruka, kisha husema Linux haijui Kiswahili.

*Eneo.* Fungua "Languages", bonyeza "Install / Remove Languages", kisha "Add", uchague Kiswahili cha Tanzania. Ikisha kushuka, rudi nyuma. Hapo kuna mambo mawili yaliyotengana: "Language" ni lugha ya menyu, "Region" ni desturi za mahali. Unaweza kuacha menyu kwa Kiingereza na "Region" ukaiweka Tanzania, na kwa wengi ndivyo ninavyofanya. Bonyeza "Apply System-Wide", toka, ingia tena.

Usidharau "Region". Mashine ikiachwa kwenye desturi za Marekani, karatasi inakuwa Letter badala ya A4, na printa inadai karatasi isiyouzwa dukani kwetu. Tarehe nayo inaanza na mwezi: ukiandika 03/04 ukikusudia tarehe tatu mwezi wa nne, jedwali linasoma tarehe nne mwezi wa tatu. Kwa anayeweka hesabu za karafuu au daftari la wagonjwa, kosa hilo halionekani mpaka limeshaleta ugomvi.

*Tahajia.* Fungua terminali ("Terminal" kwenye menyu, dirisha la kuandikia amri) uandike:

sudo apt install hunspell-sw

Kisha ndani ya LibreOffice Writer weka alama maandishi yako, na kwenye menyu ya "Tools", "Language", uchague Kiswahili. Fahamu kwamba kitenzi chetu kinabeba mengi. Neno kama *wasingalirudishiana* ni sahihi kabisa, lakini kamusi ya kompyuta inaweza kulipigia mstari mwekundu. Maneno ya Kiunguja na Kipemba ndiyo kabisa. Bonyeza kulia, chagua "Add to Dictionary", na baada ya mwezi mmoja mashine itakuwa imejifunza lugha ya nyumbani kwenu.

*LibreOffice yenye menyu za Kiswahili.* Kwenye tovuti ya LibreOffice chagua lugha ya Kiswahili, ushushe vifurushi viwili: programu yenyewe na kifurushi cha lugha. Namba za matoleo zilingane mpaka tarakimu ya mwisho. Ondoa kwanza LibreOffice iliyokuja na Mint, kwani kifurushi cha lugha cha huku hakishikani na programu ya kule.

*Kiarabu.* Kwa maalim wa chuo, hapa ndipo penye raha. Weka fonti:

sudo apt install fonts-hosny-amiri fonts-sil-scheherazade

Amiri inabeba harakati (alama za irabu) vizuri, hazipandani. Kisha fungua mipangilio ya "Keyboard", sehemu ya "Layouts", uongeze Arabic, na uchague vitufe vya kubadilishia. Mimi napenda Alt na Shift kwa pamoja. Ndani ya LibreOffice nenda "Tools", "Options", sehemu ya lugha, uruhusu maandishi yanayoanzia kulia, ndipo vitufe vya kugeuza aya vitatokea.

Ukitaka kuandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu kama walivyoandika wazee wetu, utahitaji پ kwa p na چ kwa ch. Kibodi ya kawaida ya Kiarabu haijaziweka mahali pa wazi. Ongeza kibodi ya Kiajemi, ambayo inazo zote mbili. Kwa v wanaotumia ڤ wataipata kwenye "Insert", "Special Character".

*Kivinjari.* Anayetaka kivinjari chenye menyu za Kiswahili aweke Chromium. Kwenye Linux menyu zake hufuata lugha uliyoiweka katika "Language" ya mfumo.

8. Sasisha, kisha tunza nakala.

Fungua "Update Manager", uache ishushe yote siku ya kwanza. Mara hii itakula bando jingi, basi fanya mahali penye Wi-Fi. Baada ya hapo sasisha mara moja kwa wiki. Fungua na "Timeshift" utengeneze nakala ya mfumo, ili siku kitu kikiharibika urudi nyuma. Timeshift inatunza mfumo tu. Picha zako bado zinahitaji diski ya nje.

Ikikataa

*Ng'ombe inatoka ngómbe.* Kibodi yako ni ile ya "dead keys": alama ya ' inasubiri herufi inayofuata ili iivishe kofia. Rudi kwenye "Layouts", ifute, uweke "English (US)" tupu.

*Nabonyeza Z inatoka Y, au A inatoka Q.* Mitumba mingi inatoka Ulaya. Ya Ujerumani imebadilishana Z na Y, ya Ufaransa A na Q. Chagua mpangilio unaofanana na maandishi ya vitufe, au weka wa Kiingereza na ubandike stika. Fanya hivyo kabla ya kutunga nenosiri. Nenosiri lililotungwa kwa mpangilio mmoja halifunguki kwa mwingine, na wewe utaapa kwamba hukukosea.

*Saa inaruka saa tatu kila nikitoka Linux kwenda Windows.* Linux inaihesabu saa ya mashine kwa saa ya Greenwich, Windows inaihesabu kwa saa ya hapa, na tofauti yetu ni hizo tatu. Andika kwenye terminali:

timedatectl set-local-rtc 1

*Tovuti zote zinasema si salama.* Tazama tarehe. Kama kompyuta inadhani tupo 2010, betri ndogo ya ndani imekufa. Kwenye kompyuta za mezani ni CR2032, duara kama sarafu, na maduka ya saa Darajani wanazo. Ibadilishe ukiwa umechomoa waya wa umeme.

*Wi-Fi haionekani kabisa.* Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwenye simu, kisha fungua "Driver Manager" na uweke inachokupendekezea. Chipu za Broadcom ndizo zinazosumbua zaidi.

*Skrini nyeusi baada ya kuchagua flashi.* Washa upya, na kwenye menyu ya mwanzo chagua "compatibility mode".

*Kiarabu kinatoka herufi mojamoja bila kushikana, au visanduku.* Programu hiyo inatumia fonti isiyo na Kiarabu. Badilisha iwe Amiri. Kama bado hazishikani, tatizo ni programu yenyewe. Hamishia kazi kwenye LibreOffice.

*Nimeweka "Language" Kiswahili, menyu nusu ni Kiswahili nusu Kiingereza.* Hakuna kilichoharibika. Panapotokea Kiingereza ndipo pasipotafsiriwa bado. Kama inakuchanganya, rudisha "Language" kwenye Kiingereza na uiache "Region" Tanzania. Na ukiwa umebaki na Kiswahili halafu terminali ikakupa kosa unalotaka kulitafuta mtandaoni, rudia amri ile ile ukitanguliza LC_ALL=C na nafasi moja. Kosa litatoka kwa Kiingereza mara hiyo tu, na majibu yake utayapata kwa urahisi zaidi.